Amana ya Mtoto Baina ya Mzazi na Mwalimu wa Chuo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitukuza elimu na wenye elimu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mpole kwa wadogo na mwenye heshima kwa wakubwa, na jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Mtoto atimizapo miaka minne au mitano, babaye humshika mkono akampeleka chuoni. Mama humvika kanzu safi na kofia, na pengine humtilia bisi na njugu katika kikapu ili wagawiwe watoto wenziwe. Baba humwambia mwalimu maneno yaliyozoewa tangu zamani: kwamba mtoto huyu tangu leo ni mwana wa mwalimu, basi na amfunze apendavyo. Mwalimu hupokea, huomba dua, mtoto akaketishwa jamvini. Kisha baba hurudi dukani kwake au chomboni kwake, na moyo wake umetulia, akidhani kuwa deni lake limekwisha lipwa.

Hapo ndipo kosa lianzapo. Maneno yale ni maneno ya heshima, na kumheshimu mwalimu ni jambo jema; lakini sharia haiyachukui kwa dhahiri yake. Mtoto si kitu cha kutolewa hiba. Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa wazazi wake, na mwalimu ni naibu wao. Naibu hana haki ila ile aliyopewa na mwenyewe, wala mwenyewe hawezi kumpa naibu haki ambayo yeye mwenyewe hanayo. Mwenye kulifahamu neno hili moja amefahamu somo hili zima, na yafuatayo ni kulifafanua.

FASILI YA KWANZA: Nani aliyewajibishwa kumfunza mtoto?

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 6, amewaamrisha walioamini wajikinge wao na watu wao na Moto. Wanazuoni wamesema kuwa mtu hawezi kuwakinga watu wake na Moto ila kwa kuwafunza na kuwatia adabu. Na katika hadithi ya Ibn Umar, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa kila mmoja ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga: mwanamume ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake, na mwanamke ataulizwa juu ya nyumba ya mumewe na watoto wake. Hakusema kuwa mchunga akiajiri msaidizi, yeye mwenyewe hataulizwa.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika utangulizi wa kitabu chake Al-Majmuu kwamba Imamu Shafi na wafuasi wake wamesema: ni wajibu juu ya baba na mama kuwafunza watoto wao wadogo yale yatakayowajibika juu yao watakapobaleghe, kama tohara, sala na saumu, na kuwajulisha uharamu wa wizi, uzinzi, ulevi, uwongo na kusengenya. Na atazame msomaji: mama ametajwa pamoja na baba. Basi ni makosa baba kusema kuwa mambo ya chuo ni ya wanaume, mama hana neno. Na ni makosa vile vile baba kumwachia mama kazi yote kwa kuwa yeye yuko safarini au kazini.

Na ujira wa kufunza ni wa nani? Jawabu ya madhehebu ni kuwa hutolewa katika mali ya mtoto mwenyewe akiwa nayo, kama yatima aliyerithi. Asipokuwa na mali, ni juu ya yule ambaye nafaka ya mtoto yamlazimu. Maana yake ni kuwa ada ya mwalimu ni kama chakula cha mtoto na nguo zake. Si sadaka ambayo mzazi huitoa akipenda na kuizuia akiudhika. Katika madhehebu ya Shafi inajuzu kupokea ujira kwa kufunza Kurani, na dalili yake ni hadithi ya Ibn Abbas katika Bukhari, kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni katika vitu vinavyostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Na katika hadithi nyingine sahihi, mwenye uwezo anayechelewesha kulipa deni amehesabiwa kuwa dhalimu. Basi mzazi ambaye hununua kitambaa kipya cha kanzu, na huku ada ya mwalimu i miezi mitatu nyuma, na ajihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa. Hawi na uso wa kumwuliza mwalimu habari za mtoto mtu ambaye hupita njia ya nyuma asionane naye.

FASILI YA PILI: Umri wa mtoto na kiasi cha kumtaka

Mafakihi wamewagawanya watoto kwa daraja. Daraja ya kwanza ni ya asiyepambanua. Daraja ya pili ni ya mwenye kupambanua, naye ni yule awezaye kula peke yake, kunywa peke yake na kujistanji peke yake. Na hali hii aghalabu hupatikana katika mwaka wa saba. Kisha ni kubaleghe.

Katika hadithi ya Abdallah bin Amr bin Al-As, aliyoipokea Abu Daudi, mtoto huamrishwa sala atimizapo miaka saba, na huadhibiwa kwa kuiacha atimizapo miaka kumi. Watu wengi huishika hadithi hii kwa mkono mmoja. Hukumbuka adhabu, husahau hesabu. Baina ya saba na kumi ipo miaka mitatu kamili ya kuamrisha kwa maneno peke yake, na sala kwa mtoto aendaye nayo ni mara tano kila siku. Basi hesabu ni maelfu ya maneno mema kabla ya pigo moja. Na kabla ya miaka saba hata amri yenyewe haijaanza.

Na apime mwenye akili. Sala ni nguzo ya dini, na juu ya sala mtoto wa miaka mitano hapigwi, si na babaye wala na mwingine. Je, yafaa apigwe kwa sababu amechanganya te na the? Kama baba hana haki hiyo juu ya nguzo ya dini, atampaje mwalimu haki hiyo juu ya nukta moja ya herufi?

Itasemwa: Basi mtoto wa umri huo apelekwe chuoni kwa nini, kama haamrishwi? Jawabu: Hupelekwa ili azoee na apende. Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi, na samaki mbichi hukunjika kwa vidole. Mwenye kumkunja kwa rungu humponda. Mtoto wa miaka mitano hushika kwa kusikia kabla ya kushika kwa kuona. Husomewa sura fupi, naye akafuatisha. Huonyeshwa herufi chache, akazirudia. Hufunzwa kutoa salamu, kula kwa mkono wa kulia, kunawa na kuvua viatu mahali pake. Kikao chake ni kifupi, kwani akili yake huchoka upesi kama miguu yake.

Namna hii ndiyo aliyofunza Mtume (S.A.W.). Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika malezi yake, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume hakumpiga kofi wala hakumtoa penye chakula. Alimwita kwa upole, akamfunza mambo matatu: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Na Umar mwenyewe amepokewa, katika Bukhari, akisema kuwa tangu siku ile huo ndio ukawa ulaji wake. Mambo matatu, kwa maneno machache, yakadumu umri mzima.

Na mchezo je? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika Ihyau Ulumi d-Din kuwa mtoto arudipo chuoni yafaa aachiliwe acheze mchezo mzuri apumzike. Kwani kumzuia mchezo na kumlemeza masomo daima huuua moyo wake, huzima akili yake, na humfanya atafute hila ya kuepukana na masomo kabisa. Haya yamesemwa na imamu mkubwa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Basi asidhani mtu kuwa kumpa mtoto nafasi ya kucheza ni desturi iliyoletwa na wageni.

Na Pwani hii hii yako ya kutazamwa. Katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa Mombasa walipoona watoto wao wanaingia shuleni nyuma ya wenzao, walitaka msaada, na kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan zikaanzwa skuli za watoto wadogo ndani ya madrasa. Bi Swafia Said alikuwa mwalimu wa mbele katika kuzisimamisha na kuwafundisha walimu wake. Mambo ya dini na mambo ya shule ya chekechea yaliwekwa mahali pamoja, vifaa vya kuchezea na kuhesabia vikatengenezwa kwa vitu vya hapa hapa, na wazazi wakatiwa katika uendeshaji. Kisha kazi hiyo ikaenea Zanzibar na Uganda. Funzo lake ni hili: pale mama na baba walipokaribishwa ndani, mtoto alifaidika.

FASILI YA TATU: Yampasayo mwalimu

Kitabu cha kale katika vitabu vilivyotungwa juu ya adabu za walimu wa watoto ni cha Muhammad bin Sahnun wa Kairuani, mwanachuoni wa madhehebu ya Malik, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870). Katika aliyoyakusanya mna mambo haya: mwalimu awafanyie watoto uadilifu, asimpendelee mtoto wa tajiri juu ya mtoto wa maskini, asiwatume watoto katika haja zake mwenyewe, asiwaache akaenda katika shughuli nyingine, kwani wakati ule ameuuza kwa wazazi wao, na asizidishe pigo tatu katika kumtia adabu mtoto ila kwa idhini ya babaye. Na na afahamu msomaji kuwa hayo ni mwisho wa kinachoachiliwa, si mwanzo wa kazi.

Ama katika madhehebu ya Shafi, mwalimu hana ruhusa ya kumtia adabu mtoto kwa kumpiga ila kwa idhini ya walii wake. Na idhini hiyo ikipatikana, ina masharti: pigo lisiwe la kuumiza, lisiwe usoni, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza uso, lisiwe mahali pa kuhofiwa, na iwe yadhaniwa kuwa litafaa. Likijulikana kuwa halifai kitu, halijuzu. Na lau mtoto atadhurika kwa pigo hilo, mwalimu ana dhamana, na akifa hulazimu dia. Wala hapati udhuru kwa kusema kuwa alikusudia kumfunza. Neno la baba la siku ya kwanza, la kwamba amfunze apendavyo, halimwondolei dhamana hiyo.

Haya ni kwa mtoto aliyefika umri wake. Ama mtoto wa miaka minne, mitano au sita, imekwisha kuelezwa katika fasili iliyotangulia. Na katika nchi ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, imempa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya kupigwa. Basi mwalimu wa huko ashikaye bakora amekosa kwa njia mbili. Na kuiweka bakora chini hakumpunguzii mwalimu heshima yake. Heshima ya mwalimu iko katika elimu yake na mwendo wake, si katika fimbo yake.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ameandika katika Mukaddima yake mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, na zaidi watoto wadogo. Amebainisha kuwa mtoto aliyelelewa kwa kutezwa nguvu hubanwa nafsi yake, uchangamfu wake huondoka, akawa mvivu, akafunzika uwongo na hila kwa kuogopa mkono, mpaka uwongo ukawa tabia yake. Kila mwenye kukaa na watoto ajua kuwa haya ni kweli. Mtoto apigwaye kwa kukosa hajifunzi kutokosa, hujifunza kuficha. Husogeza midomo katika kundi bila ya kusoma, na mwalimu akadhani amehifadhi.

Na katika mlango huo huo ameleta habari ya Harun Rashid, Khalifa wa Baghdadi, alipomkabidhi mwanawe Al-Amin kwa mwalimu wake Al-Ahmar. Khalifa alimpa mwalimu madaraka makubwa, lakini alimwekea mipaka: asiache saa ikapita ila amemfaidisha mtoto jambo, bila ya kumhuzunisha akaiua akili yake, wala asimsamehe sana mpaka akaona utamu wa uvivu, amnyoshe kwa kumkurubisha na kwa upole kadiri awezavyo, na ukali uwe ni wa mwisho. Huyu alikuwa mfalme wa dola kubwa, lakini hakuona haya kukaa na mwalimu wa mwanawe wakaafikiana juu ya namna ya kufunza. Basi mwenye duka moja au shamba la minazi ana udhuru gani?

FASILI YA NNE: Yampasayo mzazi

La kwanza: asimwogopeshe mtoto kwa mwalimu. Mama wengi, mtoto akikataa kula au kuoga, humwambia kuwa atapelekwa kwa mwalimu achapwe. Kwa neno hilo mwalimu amefanywa zimwi, na chuo kimefanywa gereza, na Kurani imetiwa ndani ya gereza hilo. Kisha mzazi huyo huyo hustaajabu kumwona mtoto akilia kila alasiri.

La pili: asimwambie mtoto uwongo. Abdallah bin Amir amepokea, katika Abu Daudi, kwamba mamaye alimwita alipokuwa mtoto, akamwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani mwao. Mtume akamwuliza mama alikuwa akitaka kumpa nini, akasema tende. Mtume akambainishia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo mmoja. Basi mwenye kumwambia mwanawe kuwa akienda chuoni atamnunulia kitu, na hana nia ya kununua, ameandikiwa uwongo wake, na amemfunza mtoto uwongo akiwa njiani kwenda kufunzwa ukweli.

La tatu: asimseme mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Mtoto amsikiaye babaye akimdharau mwalimu usiku, hawezi kumtii mwalimu huyo mchana. Na mwalimu naye asiwaseme wazazi mbele ya watoto, kwani mtoto humpenda mamaye kabla hajajua herufi, na atukanaye mama hasomeshi kitu.

La nne: amsikilize mtoto asome nyumbani, japo aya moja baada ya Magharibi, na simu na mambo mengine yawekwe kando kwa kitambo hicho. Mtoto aonapo babaye amenyamaza kwa ajili yake, hujua kuwa alichonacho ni kitu kikubwa.

La tano: aulize. Mtoto aliyekuwa akienda chuoni kwa furaha, kisha akakataa ghafula, asiitwe mvivu kabla ya kuulizwa. Pengine ameonewa na watoto wakubwa, pengine ametishwa, pengine limempata jambo asilolijua jina lake. Aulizwe kwa upole, faraghani, na asadikiwe hata ijulikane kweli ilivyo. Na kusimama mlangoni pa chuo kutazama watoto wamekaaje, na nani yuko pamoja nao, si kumdhania vibaya mwalimu. Ni haki ya mwenye amana, na mwalimu mwema hufurahi kutazamwa.

Na mfano wa hayo yote ni huu. Mtoto wa miaka mitano amekaa mwezi mzima juu ya jimu, ha na kha. Herufi tatu hizi umbo lao ni moja; hutengwa kwa nukta. Jimu ina nukta tumboni, kha ina nukta juu, ha haina kitu. Kila siku mtoto huyu huzichanganya. Mwalimu, mwenye watoto wengi mbele yake, adhani kuwa ni mzaha, amchapa. Kesho yake mtoto alalamika kuwa tumbo lamuuma, na kesho kutwa vile vile. Mama ajua kuwa tumbo halina kitu. Avaa buibui lake, aenda chuoni, amkemea mwalimu mbele ya watoto wote. Mwalimu aona amevunjiwa heshima, ajibu kwa maneno makali. Jioni baba arudi. Asikia upande mmoja. Aapa kuwa mtoto hatarudi pale tena. Mtoto apelekwa chuo cha pili, na huko mambo ni yale yale, mpaka apelekwa cha tatu. Miaka miwili imepita, na mtoto hajavuka herufi ya kha. Sasa aitwa mjinga, na yeye mwenyewe ameanza kulisadiki jina hilo.

Na kweli ya jambo ilikuwa nini? Mtoto huyu macho yake ni dhaifu. Akikaa nyuma ya wenziwe haoni nukta ubaoni. Mama alikuwa akijua siku zote kuwa mwanawe husogeza kila kitu karibu na uso wake, lakini hakujua kuwa chuoni kosa lake ni la nukta tu. Mwalimu alikuwa akijua kuwa kosa lake ni la nukta tu, lakini hakujua habari za nyumbani. Kila mmoja alishika nusu ya habari ya mtoto. Lau wangalikaa pamoja kitambo cha kunywa kikombe cha kahawa, zile nusu mbili zingalikutana. Mtoto angaliketishwa mbele na kupelekwa kwa tabibu wa macho, na jambo lingalikwisha siku ile ile.

Basi hii ndiyo faida kubwa ya mzazi na mwalimu kujuana. Mwalimu humjua mtoto alivyo katikati ya wenziwe. Mzazi humjua alivyo peke yake. Wala hapana amjuaye mtoto kamili ila wakikutana wote wawili.

FASILI YA TANO: Namna ya kuafikiana, na namna ya kusuluhishana

Siku ya kumpeleka mtoto chuoni, badala ya maneno ya kumtoa mtoto kama hiba, yafaa mzazi na mwalimu waafikiane juu ya mambo manne. Kwanza, ada ni kiasi gani na hulipwa siku gani. Pili, saa za kuingia na kutoka, na ni nani atakayempokea mtoto. Kwani mtoto mdogo haachiwi njia peke yake. Tatu, namna ya kumtia adabu, na mzazi aseme wazi kuwa hakutoa idhini ya kupigwa mtoto. Nne, mwalimu akiona jambo atampelekea nani habari, na mzazi akiona jambo atakwenda saa gani. Mambo haya manne hayachukui muda, nayo huzuia ugomvi wa miaka.

Na ikiwa mtoto huenda shule ya chekechea asubuhi na chuoni alasiri, mwalimu wa chuo aambiwe, ili asimtake mtoto aliyechoka kama amtakavyo aliyepumzika.

Ikitokea tofauti, mwenye kudai aende kwa mwalimu baada ya watoto kuondoka, wala asiende akiwa na hasira. Aanze kwa salamu na kwa kumshukuru kwa lile jema alilolitenda, kisha aulize kabla ya kushitaki. Mwalimu naye asikilize mpaka mwisho, wala asione kuwa kuulizwa ni kudharauliwa. Na akiwa amekosa, aseme amekosa. Imamu Shafi mwenyewe alikuwa mwanafunzi mdogo, yatima, katika mikono ya mama maskini na mwalimu wa Makka; na imepokewa kuwa mamaye hakuwa na cha kumlipa mwalimu, naye mwalimu akaridhika mtoto awe msaidizi wake awapo hayupo. Wale wawili waliafikiana juu ya mtoto mmoja, na umma wote ukafaidika. Wasipoweza kuafikiana wenyewe, na waende kwa imamu wa msikiti au mzee wa mtaa aaminiwaye na wote wawili. Lakini ikiwa jambo lenyewe ni la kumdhuru mtoto mwilini au kumwingilia katika heshima yake, hilo si jambo la kusuluhishwa kwa siri wala la kufunikwa kwa kuchelea aibu. Hupelekwa kwa wenye mamlaka, na mtoto huondolewa hapo saa ile ile; kwani kumsitiri dhalimu na kumwacha mtoto wazi ni kuikhini amana.

MUKHTASARI

Wajibu wa kumfunza mtoto ni wa baba na mama, na hauondoki kwa kumpeleka chuoni. Mwalimu ni naibu wao, na ada yake ni haki yake. Mtoto aliye chini ya miaka saba hupendezeshwa, halazimishwi kwa pigo. Mwalimu ana dhamana juu ya mkono wake. Mzazi ana dhamana juu ya ulimi wake. Na habari za mtoto ni nusu mbili, hazitimii ila kwa kukutana wawili hao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni nani waliowajibishwa kumfunza mtoto mdogo, na ujira wa mwalimu hutolewa katika mali ya nani?
2. Mtoto mwenye kupambanua hujulikana kwa alama gani?
3. Baina ya kuamrishwa sala na kuadhibiwa kwa kuiacha ipo miaka mingapi, na hiyo ni ya kazi gani?
4. Masharti ya idhini ya walii ni yapi, na mtoto akidhurika ni nini hukumu yake?
5. Mzazi msomaji: jina la herufi au sura aliyofikia mwanao wiki hii ni lipi? Na mwalimu msomaji: ni mzazi yupi katika wazazi wa watoto wako ambaye hujapata kuzungumza naye tangu siku ya kwanza?

Asiyeweza kulijibu swali la tano na asiende kutafuta jawabu yake katika vitabu. Na aende kesho, baada ya sala ya Alasiri, akabishe hodi.

Mwenyezi Mungu awabariki watoto wa Kiislamu, awape wazazi wao subira na walimu wao huruma, na aijaalie Kurani kuwa furaha ya vifua vyao tangu udogo wao hata mwisho wa umri wao. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.